Ganzi ya Kidevu cha Chiriku

Jumatatu, 4 Machi
Hospitali. Mjukuu wangu Chiriku atapasuliwa taya Alhamisi. La chini limetangulia mno, meno hayakutani, mkate anauchana kama kitambaa. Daktari ni kijana wa juzi, mpole. Kaeleza, kachora. Kisha eti: bibi, hebu niambie kwa maneno yako ulivyoelewa. Loo! Mtihani! Mimi ambaye shule niliiona kwa nje, na herufi hizi kanifunza Chiriku uzeeni! Nikamjibu sikuja kusomeshwa, tumeelewa yote, lete karatasi tutie sahihi. Chiriku akafungua mdomo aulize. Nikamfinya paja.

Ijumaa, 8 Machi
Mzima! Uso umevimba kama boga, meno yamefungwa kwa mipira, anaongea kwa kalamu. Nikamtania: mke mwenzangu, leo wodi hii nasikika mimi tu. Akacheka kwa macho.

Jumatano, 13 Machi
Nyumbani. Namnywesha uji kwa bomba la sindano. Ukamchuruzika kidevuni — hana habari. Nikamfuta — hana habari! Akajifinya mdomo wa chini mpaka kucha ikaacha alama. Akaandika: Bibi, sihisi kitu. Walituambia?
Sijui! Daktari alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa nahangaika nisionekane mjinga. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba: labda alisema, mimi niliona haya, na wewe nikakuziba mdomo. Majuto ni mjukuu — na wangu huyu hapa, kanipa mgongo.

Ijumaa, 15 Machi
Kliniki. Naandika hapa hapa kitini. Hata salamu haijaisha nimesema: daktari, siku ile nilikudanganya, sikuelewa kitu. Hakunicheka. Kasema mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya, ukivutwa panakufa ganzi. Wengi hisia hurudi baada ya miezi. Wengine hairudi yote. Kumbe hilo alilitaja siku ile ile.
Nikasema, zungumza na mwenye kidevu. Nikarudisha kiti nyuma.
Sasa kamfumbisha macho, anampitishia pamba: ukiguswa, inua mkono. Shavu — mkono juu. Pembeni mwa mdomo — juu, kwa kusitasita. Kidevu, katikati. Pamba inazunguka. Naiona inavyomgusa, mkono wake umelala pajani, na mimi nimeuma ulimi nisimjibie —