Gamba la Sufuria la Paskalia

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo mdomo wangu umenifunga kamba. Tulikuwa Tegetero. Baada ya misa, kikao cha ukoo wa marehemu mke wangu. Wamepanga: Jumamosi tarehe 5 Julai, mwaka ukiwa umetimia, Felista atarithi jina. Ndiyo desturi yao huko milimani, jina la mtu haliachwi kaburini. Felista ni mtoto wa dada yake Paskalia. Ana miaka ishirini na sita, sauti ni ya mama yake mdogo tupu. Kuanzia siku hiyo ataitwa Paskalia. Na mimi nitamwita hivyo hivyo! Halafu wataniambia nimefunguliwa, niko huru, nioe nisioe ni juu yangu.

Kuna pombe ya kumwaga kaburini. Mjomba Deogratias akauliza nani atapika. Watu wanaangalia viatu. Nikasimama. Nikasema mimi! Na si pombe tu — nitaleta pombe yake yeye, ile ile, mkionja mtageuka nyuma kumtafuta. Wakacheka. Mjomba akasema huyu mkwe bia za Wajerumani zimempanda kichwani.

Mama mkwe hakucheka. Bi Yuliana akanitazama, akasema taratibu, ‘Boni, ukileta isiyo yake tutajua amekataa. Jina litalala mwaka mwingine.’

Haya. Mimi niliyeosha matangi ya bia Windhoek miaka mitatu, nishindwe na mtama?

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza. Madumu sita ya maji ya chemchemi ya Tegetero, nimeyashusha mwenyewe kwa bodaboda tatu. Kila mtu anasema alikuwa anapikia hayo. Bosi wangu Windhoek, Mjerumani mwenye masharubu kama brashi ya viatu, alikuwa akisema bia ni maji kwanza, mengine ni mapambo. Shule niliachia darasa la sita ila hilo nililishika.

Sufuria lake kubwa nimelikuta stoo, limefunikwa na kanga. Ndani — aibu! Gamba jeupe, nene, linakwaruza kama ukuta usiopigwa lipu. Nikamwambia marehemu, mama, hivi wewe ulikuwa unapikia watu humu? Nikachukua stilwaya na mchanga. Nusu siku. Limeng'aa mpaka naona meno yangu. Bosi angeona angelia. Mikono hii, jamani! Usafi ndiyo bia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeonja. Si yenyewe.

Kali. Nyembamba. Inachoma pembeni mwa ulimi halafu inakimbia. Ya Paskalia ilikuwa inakaa. Ilikuwa mviringo — sijui niseme vipi. Ulikuwa ukimeza, inabaki kooni kama mtu ambaye hajamaliza kuongea.

Nimemwaga yote chini ya mpapai.

Na kuna kitu nakiandika hapa tu, maana nikikisema kijiweni nimekwisha. Jioni, kama saa kumi na mbili, nikiwa sebuleni, nimesikia mfuniko wa sufuria. Kling. Kama mtu anachungulia maji kama yamechemka. Nimetoka uani. Hakuna mtu. Sufuria limeegemea ukuta vile nilivyoliacha, mfuniko wake uko juu ya ndoo.

Panya. Mimi nimelala Lubumbashi chini ya lori watu wakipigana risasi. Panya.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepeleka maji kupimwa. Nimefunga chupa tatu: ya chemchemi, ya bomba, ya kisima chetu cha uani. Kuna binti anaitwa Hosiana, anapima maji maabara, marehemu alikuwa akimuuzia mboga. Kaniamkia vizuri, ‘Shikamoo baba,’ nikamwambia mimi ni mtaalamu wa bia wa kimataifa. Akasema, ‘Marahaba ya mtaalamu sijaisikia.’ Mtoto ana mdomo!

Majibu. Chemchemi: kalsiamu 4. Bomba: 22. Kisima: 140, na chumvi juu. Kaniambia maji ya mlimani yanapita kwenye mawe magumu, hayabebi kitu, ni laini kama ya mvua. Ya kisima cha huku bondeni ni magumu, sabuni haitoi povu. Nikamweleza ile ladha. Akasema, ‘Baba, hiyo mviringo unayosema haiwezi kutoka kwenye maji ya chemchemi peke yake. Kuna chokaa iliingia mahali.’

Wapi? Kisima hakupikia, naapa. Alikuwa akisema maji ya kisima ni ya kuogea na kumwagilia, pombe ukiipikia inakuwa nzito kama deni.

Jumanne, 17 Juni

Nimetia chaki. Chaki ya ubaoni! Nilisikia Wajerumani wanatia jasi kwenye maji ya bia, na Hosiana akasema chaki nyingine ni jasi hiyo hiyo. Nikasaga vipande vinane.

Nimeonja leo. Nimekunywa darasa la tatu lote pamoja na mwalimu. Darasani chaki ilinikataa, na kwenye pombe imenikataa.

Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla sijacheka.

Mfuniko umelia tena. Saa kumi na mbili ile ile. Siku ya tisa mfululizo sasa. Sikutoka.

Ijumaa, 20 Juni



Dada Mwanvita, jirani wa ukuta kwa ukuta, alirudi kutoka Turiani kwa mwanawe. Kapita uani kunipa pole za mwaka. Kaona sufuria linawaka jua. Kashika mdomo.

‘Shemeji! Nani kalisugua?’

Nikajipiga kifua. Mimi. Fundi wa matangi.

‘Umelisugua lote?’

Nikasema lilikuwa chafu, gamba limejaa. Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia — namwandika kama alivyosema, nisije nikajidanganya baadaye — ‘Shemeji, mimi pombe siijui, dini yangu hainiruhusu. Maji nayajua. Kila jioni saa kumi na mbili Paskalia alikuwa anateka kisimani anachemsha sufuria hilo. Maji yako ya kuoga. Nikamuuliza, shoga, mumeo si yuko Windhoek? Akasema Boni hatoi taarifa, anaweza kuingia leo, aoge maji baridi? Yakipoa anamwagia mchicha. Kesho anachemsha tena.’

Miaka mitatu.

Mimi nilikuwa nampigia simu Jumapili. Wakati mwingine. Nikaja siku tatu baada ya kuzikwa, nimebeba begi la fulana za kampuni.

Mwanvita alipoondoka nikaenda nyuma ya bafu nilikotupa ile stilwaya. Ilikuwa bado ina vipande vyeupe. Nikachukua kimoja, nikakikamulia ndimu. Kikachemka. Ssss. Kama mtu anayenong'ona, halafu kikaisha mkononi, kikawa maji.

Nimempigia Hosiana. Kasema ndiyo, ndiyo hiyo chokaa. Ya kisima. Maji magumu ukiyachemsha yanaiacha kwenye sufuria. Nikamwambia marehemu alikuwa akilaza uji wa mtama humo mpaka uchachuke; akasema basi, uchachu unalilamba gamba kidogo kidogo, nalo linapunguza ukali. Kila pombe aliyopika ilibeba ladha ya hilo gamba.

Kwa hiyo wateja wake wote wa hapa Kihonda walikuwa wanakunywa jioni zake za kunisubiri. Na mimi nimezisugua kwa mchanga.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeuliza Hosiana: linatengenezeka? Kasema chemsha, likauke, chemsha tena. Usisugue. ‘Usisugue, baba!’ Karudia mara tatu kama padri anatangaza ndoa.

Nimechemsha sufuria tatu.

Jumatano, 25 Juni

Tatu kila siku. Moja nahakikisha ni ya saa kumi na mbili jioni. Nateka kisimani, nachemsha, naacha yapoe, namwagia mchicha. Kijiweni wanauliza, Boni umefungua bafu la kulipia? Nimewaambia naandaa sauna, mambo ya Ulaya, hamuwezi kuelewa.

Tangu nianze kuchemsha mimi, mfuniko haujalia. Hata mara moja.

Hii ndiyo inaniogopesha zaidi.

Jumapili, 29 Juni

Gamba limeshika. Jembamba, kama ukucha wa mtoto. Nimepitisha kidole, limekwaruza. Nikatoa kidole haraka, nisilichukue.

Leo nimekoroga uji wa mtama kwa maji ya chemchemi, nimeulaza humo. Nimelifunika kwa kanga yake. Nikakuta nimesema, haya mama, maji yako tayari.

Alhamisi, 3 Julai

Ni yenyewe.

Ni yenyewe, Mungu wangu. Nilionja kwa kata nikiwa nimesimama, nikakaa chini kwenye udongo. Inakaa. Ni mviringo. Haijamaliza kuongea. Niligeuka nyuma — mimi niliyewaambia wao watageuka! Nikamtafuta mlangoni. Nikanusa moshi wa kuni na ile sabuni yake ya mche.

Madumu mawili madogo, ya lita tano tano. Sikuonja mara ya pili. Nimeyafunga, nimeyaingiza chumbani kwetu, upande wake wa kitanda. Nimelala nikiyasikia yanapumua kwenye vifuniko, polepole, kama mtu mwenye mafua.

Ijumaa, 4 Julai

Mama mkwe kapiga saa tatu asubuhi. Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu. Imeiva?

Nikasema imechacha.

Sijui imetoka wapi. Ulimi umetangulia. Nikaendelea, mimi nikianza naendelea — joto, kimea kibovu, wa Dumila wameniuzia kimea cha kuku. Nikacheka. Nikasema mama, tusogeze mwakani, haraka ya nini.

Kasema, ‘Boni. Mwanvita kaniambia unachemsha maji kila jioni. Unamchemshia nani?’

Nikahamishia simu sikio la pili.

‘Yeye alijua hakuna anayekuja. Alikuwa anachemsha ili apate kitu cha kufanya na mikono. Wewe usije ukakaa humo.’

Nikasema mtandao unakata, mama. Haukuwa unakata.

Nikimwaga kaburini kesho, kufika Jumapili Paskalia atakuwa Felista. Msichana mzuri, anauza nyanya Sabasaba, anaimba kwaya. Ataitwa, ataitika. Huyu wangu akiitwa, nani ataitika? Nikikaa nayo — madumu mawili, kikombe kimoja kwa wiki, nimepiga hesabu kichwani kama mwizi — ninaye mpaka Krismasi. Zaidi kidogo nikiwa na adabu.

Lakini inaendelea kuchacha. Ndiyo, bwana mtaalamu. Kila siku inakuwa kali kidogo. Nilichomdanganya mama mkwe kitakuwa kweli chenyewe.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi. Wote wako kaburini sasa, nimejifungia chumbani. Simu nimezima. Nimekaa sakafuni kati ya kitanda na madumu, daftari mapajani.

Pickup imesimama nje. Mlango mmoja tu umefungwa, kwa hiyo mtu mmoja. Viatu vya raba vinavuka uani. Vimesimama kwenye sufuria — kaona jiko lina moto, maji ya asubuhi yanachemka. Kafunua. Kling.

‘Hodi.’

Ni Felista. Najua ni Felista. Nimewaona yeye na marehemu wakicheka pamoja jikoni hapa, najua tofauti, Felista anaburuta kidogo mwishoni. Lakini mlango umefungwa, na sauti ikipita kwenye mbao haiburuti.

‘Hodi, jamani. Baba mdogo? Bibi kanituma. Kasema hata kama imechacha nije nayo, na kama haijachacha pia nije nayo.’

Yule bibi!

Nimeweka mkono juu ya dumu. Lina vuguvugu. Linapumua.

Akipiga ya tatu nisipoitika ataondoka, ndivyo walivyomlea. Amepiga mbili. Naisikia pumzi yake mlangoni, na mdomo wangu — huu huu usiofungwaga — umejaa jina, na sijui ni la nani kati yao