Ndiyo ya Baba kwenye Simu

S.L.P. 214,
Marietta, Ohio.
9 Februari, 2024.

Mpendwa kaka Russell,

Habari za huko Alaska? Natumaini wewe na Joyce hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Sisi tu wazima, ila theluji imetuchosha, na Baba amenichosha kuliko theluji.

Unajua sukari yake na moyo wake. Mwezi uliopita alichanganya vidonge akaanguka jikoni. Daktari akasema ipo huduma: muuguzi atampigia simu kila mwezi, ampangie dawa na kuwasiliana na wale madaktari wengine. Kinachotakiwa ni Baba mwenyewe kukubali, kwa mdomo tu. Mimi siwezi kumkubalia, maana akili zake ni timamu. Timamu kupita kiasi.

Sasa sikia. Kule kanisani, kwenye chakula cha wazee, wamefundishwa wasitamke "ndiyo" kwa mtu wasiyemjua kwenye simu, eti matapeli huirekodi sauti na kukomba akaunti. Basi muuguzi Tamika akipiga, Baba anajibu "nimesikia", au "huenda". Ameulizwa kama yeye ni Vernon Hupp, akasema, "Wengine huniita hivyo." Tamika wa watu anaaga kwa upole, kesho anaanza upya.

Jana uvumilivu uliniishia. Nikamwambia atakufa kwa ubishi wake na mimi ndiye nitakayemwokota sakafuni. Akasogeza pembeni sahani yake ya pai.

"Darlene, 'ndiyo' yangu ya mwisho kwenye simu niliwapa hospitali, wazime mashine ya mama yako."

Ule mwaka wa korona, Russell, tulipozuiwa mlangoni. Miaka yote hii nilidhani madaktari ndio walioamua. Nililia kwenye gari kama mtoto.

Leo Tamika amepiga tena, nami nimekaa karibu na Baba. Akamweleza masharti: atachangia gharama kidogo, daktari mmoja tu ndiye atakayetoa huduma hiyo, na anaweza kujitoa wakati wowote. Hapo Baba akamkatiza.

"Hebu rudia hilo, binti. Nikibadili mawazo, hiyo 'ndiyo' yangu inafutika?"

"Inafutika, mzee Hupp. Unanipigia tu, basi."

Akanishika mkono, kisha akasema ndiyo.

Msalimie sana Joyce, na mbusu mwanenu Caleb kwa niaba yangu. Mungu awakinge na baridi ya huko. Jumapili mpigie Baba, umsimulie habari za samaki. Usimuulize chochote cha kujibu ndiyo.

Dada yako akupendaye, hata akifoka,
Darlene