Santuri Zangu Haziondoki Sebuleni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usiniambie niuze, maana tutakosana kabla hatujajuana. Mimi ni fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na sita, nina binti mmoja na santuri mia tatu na arobaini za muziki wa jazi, fanki na soul, na zote ziko sebuleni, zimesimama kwenye rafu kama vitabu. Ya kwanza niliiokota kwenye fungu la mitumba kwa sababu ya picha ya jalada tu, mwimbaji kavaa gauni la mikono mipana kama kengele, nikataka kulishona, na nililishona, wala gramafoni sikuwa nayo, nikakaa na ile santuri miaka miwili bila kujua inaimba nini. Siku nilipopata gramafoni nikamsikia yule mama, nikalia mbele ya mteja, sioni haya kusema.

Tangu hapo sishoni bila muziki. Fanki ni ya mishono mirefu, mguu unakanyaga wenyewe, soul ni ya kushona pindo kwa mkono, unakwenda taratibu na uchungu wako, na jazi ni ya kukata kitambaa, kwa sababu haikuambii inaelekea wapi, nawe unafikiri mara mbili kabla ya kushusha mkasi. Magauni niliyoyaiga kwenye majalada hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yangu mpaka chuo.

Basi binti kapata mchumba, wakwe wanakuja kujitambulisha mwezi ujao, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akaja kukagua nyumba kama aliyetumwa, akasema sebule yangu ni ghala na mama mtu mzima kukusanya muziki wa kuchezea ni aibu. Nikacheka tu, nikaenda zangu kwa mteja kushona nguo za harusi siku tatu. Kurudi, rafu tupu! Yeye na binti yangu wamezihamishia stoo, chini ya bati, wamezilaza moja juu ya nyingine kama sahani, na joto limefanya kazi yake. Hamsini na moja zimepinda, na ile ya kwanza imo, ukiipiga sasa yule mama anaimba kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Binti akaniambia, "Mama, mbona nilizipanga vizuri, hata vumbi nilizifuta moja moja."

Nami nikamjibu, "Tangu utotoni nilikukataza kuzigusa. Siku ya kwanza umezigusa, umeziua."

Akafungasha, akahamia kwa shangazi yake, na sasa wageni watapokelewa huko, nami nimeletewa ujumbe kwamba nikaribie iwapo nitaahidi kutozungumzia muziki. Mshauri, nimezirudisha zote sebuleni, zilizopinda na zilizonyooka, na nimeapa siendi. Asiyetaka santuri zangu hanitaki mimi. Nimekosa nini?

Fundi Asiyeuza

*

Fundi, pole, na ninaisema kwa moyo wote. Mtu kuhamisha kitu ulichokikusanya miaka yote hiyo, nyuma ya mgongo wako, si kosa dogo, na wifi yako mwambie nimesema mimi kwamba mgeni hapangi vyombo vya mwenye nyumba. Wako wanaojaza kabati vikombe ambavyo hakuna anayevinywea, mbona wao hawaambiwi ni aibu? Furaha haina umri wa kustaafu. Santuri zibaki hapo zilipo, na kwa hilo tumemaliza.

Sasa geuka nikuone na wewe. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulimkataza mwanao kuzigusa tangu utotoni, halafu unashangaa kwamba hakujua kwa nini santuri husimamishwa? Hata mimi ningezilaza vilevile. Samaki mkunje angali mbichi, mama, wewe wako hukumkunja, ulimfungia mlango. Amekulia ndani ya muziki huo, amesomeshwa na majalada hayo, na hajawahi kushusha sindano ya gramafoni hata mara moja. Kwake hizo santuri ni ndugu yake mkubwa, yule unayempenda zaidi. Na bado alizifuta vumbi moja moja, zote mia tatu na arobaini. Mtu anayekuonea aibu hafanyi hivyo, na ulipaswa kuliona hilo kabla ya kufungua kinywa.

Kwa hiyo kesho, si keshokutwa, funga kazi mapema uende kwa wifi yako. Usiingie na mashtaka. Mwombe binti arudi nyumbani kwa jioni moja tu, umpe ile ya kwanza, hiyohiyo iliyopinda, umwonyeshe namna ya kuishika pembeni kwa viganja, na sindano aishushe mwenyewe. Msikilizeni huyo mama anavyoteremka ngazi. Mkicheka mmepona, mkilia mmepona pia. Kisha achague jalada moja analolipenda yeye, umshonee gauni lake kwa ajili ya siku ya wageni.

Kiapo chako ni cha hasira, kivunje. Utakwenda, hata kama ni sebuleni kwa wifi. Wameomba usizungumzie muziki, basi usizungumze, siku ni ya binti yako. Vaa lile gauni la mikono mipana, naye avae la kwake, mkae mmenyamaza mkiwa mmependeza. Mama mkwe naye ana macho. Atakapouliza magauni hayo yametoka wapi, wewe usijibu. Mwache binti yako ajibu.