Masale ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Chai, dawa ya presha, gazeti la jana. Mvua bado. Mdogo wangu Anaeli kapiga simu: kibao cha kumbukumbu kitazinduliwa Jumamosi. Yumo kwenye kamati. Mwezi wa kwanza niliwapeleka wanakamati mwenyewe mahali pake, juu ya Kikatiti, nikawaonyesha masale, mimea ya mpaka, ambayo mama aliyapanda kuzunguka nyumba yetu. Ndiyo pekee yaliyobaki. Nyumba ilichomwa tukitazama, serikali ya mkoloni ilipowapa walowezi ardhi ile. Nilikuwa na miaka sita. Kamati iliahidi kuandika jina la baba.

Nimetoa koti nje lipate jua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefupisha tena hotuba yangu ya Jumamosi. Mzee anayeongea sana hasikilizwi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuhutubia.

Kibao ni kizuri, herufi nyeupe. Kinasema hapa walowezi wa kwanza walifungua pori lisilo na watu. Majina yao yapo. La baba halipo. Masale nayo hayapo: yameng'olewa ili magari ya watalii yapate pa kuegesha. Yametupwa mtaroni, mizizi juu.

Nikamuuliza Anaeli, "Ulijua?"

"Kaka, punguza sauti. Wageni wanasikia."

"Ulijua?"

"Maneno yalikuja yameshaandikwa. Ningefanya nini?"

Mama mmoja muuza ndizi, anayejua nilizaliwa hapo, alikisoma kibao kwa sauti, akanigeukia. "Kumbe babu wewe ulilelewa na nyani!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Walowezi sikuwadai upendo, walikuwa wageni. Anaeli alinyonya titi nililonyonya mimi. Alizaliwa baada ya sisi kufukuzwa, ndiyo, lakini alikua akimsikia mama akiyataja masale yale. Alijua. Ndugu yangu amenisaliti. Sioni namna ya kuliandika kwa upole zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Anaeli amekuja hapa Moshono na jani la sale, limefungwa fundo. Kwetu anayeletewa sale hakatai kusamehe. Hata damu iliyomwagika husamehewa kwa jani hilo. Naye anajua. Nikaona amekuja kuniziba mdomo.

"Shikamoo kaka. Nimekosa."

Sikunyoosha mkono. "Umelikata wapi?"

"Uani kwangu."

"Jani halioti. Kayatoe mashina ya mama mtaroni, uyarudishe yalipokuwa. Ndipo nitapokea."

"Watanitoa kwenye kamati."

"Watakutoa."

Akaondoka na jani lake. Mke wangu amenuna. Anasema tangu azaliwe hajaona mtu akikataa sale. Nami sijaona.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imeshika. Jana Anaeli alinifuata, tukaenda. Mashina mengi yameoza. Machache yalikuwa na ubichi. Alichimba yeye, mbele ya kibao, watu wa kamati wakimtazama kutoka kwenye gari. Hawakushuka. Jioni wakampigia simu: hayumo tena.

Jani nimelipokea. Hasira haijaisha. Kibao bado kinasema kilichosema.

Kabla ya shimo la mwisho alisimama, matope hadi magotini, akaniuliza mlango wa nyumba ulikuwa upande gani. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza.

Nikamwonyesha. Hapo hatukupanda kitu.