Karatasi juu ya meza ya makayabo

Clari, weye uko wapi? Soma hii. Ile kesi ya Mama Domitille wa makayabo, ile samaki ya chumvi, na Blanchard wa depo ya bia imekatwa leo asubuyi kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa.

Unakumbuka Blanchard alimuita Mama "nyoka" mu soko, mbele ya watu, eti kabila yake yote irudi pori. Nyoka. Na hiyo nyuma ya vita yote ile ya makabila tuliona.

Chef akaleta kikombe moja ya bia, wakunywe wote wawili, maneno iishe, juu amani iko bado changa. Blanchard akakunywa, anacheka. Mama Domitille akafunika kikombe na mukono. Akasema: "Amani ni ya wale walipigana. Miye nilikuwa nauzisha makayabo."

Akaomba PV, ile karatasi ya kuandika kesi yote. Sekretere akaandika "maneno mubaya". Mama akakatala kusinya, kutia sahihi yake. "Andika ile neno yenyewe."

Sekretere akaandika nyoka. Chef akamuambia Blanchard: sinya, ama twende parquet, kwa mushitaki wa serikali. Akasinya.

Sasa sikia. Mama akatoka pale mbio, akafanya fotokopi, akabandika moja juu ya meza yake ya makayabo. Njia ya depo inapita pale pale. Soko yote inasoma.

Blanchard amekuja saa hii, sauti chini, anauliza Mama ataitosha ile karatasi siku gani.

Mama hata hakuinua macho, anapanga samaki yake: "Pita meza kwa meza, uambie watu miye naitwa nani. Kisha nitawaza."