Haraka ya Mama Mkwe

Itaugua,
Jumamosi, mwezi wa Agosti

Dada yangu Zunilda,

Salamu zangu zimechelewa, lakini hazijapungua. Nakuomba uzipokee zote, pamoja na za Arsenio mume wangu, na za jirani zetu ambao hawakujui ila kwa jina. Kifua chako kimepona? Huku kaskazini tunasikia kwamba baridi ya Buenos Aires mwaka huu imeua hata miti. Na yule bibi unayemfanyia kazi, bado anakusemea kwa mbwa wake badala ya kukwambia usoni? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayaona mbele.

Barua yako ya mwisho iliniuliza kama huku nilikoolewa nafundwa au natumikishwa. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa najua, na ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Unanijua, dada. Tangu mama alipotutoka, mpishi alikuwa wewe, mfuaji wewe. Mimi nilikuwa wa kukata tikiti dirishani pa sinema, nikirudi nakuta supu mezani. Nilipoolewa nilijua kuchemsha yai, na yai lenyewe mara nyingi lilipasuka. Siku niliyooka chipa yangu ya kwanza, huu mkate wetu wa muhogo, katika nyumba hii, ilitoka tanurini ngumu kama kigae. Baba mkwe wangu, Don Cantalicio, aliigonga mezani kama mtu anayebisha hodi, kisha akamrushia jogoo. Jogoo akaruka kando. Mzee akasema, "Hata huyu asiye na meno ameyaogopea meno yake." Arsenio alicheka, na nikamchukia hadi jioni.

Ambaye hakucheka ni mama mkwe, Nya Deidamia. Alinishika kiganja, akakigeuza huku na huku kama anayenunua kuku sokoni, akasema, "Mikono ipo. Tutaanza kesho."

Na kweli tulianza. Alinionyesha jinsi ya kukanda wanga wa muhogo na jibini na mafuta ya nguruwe mpaka donge liache kunata vidoleni. Alinifundisha kuupima moto wa tanuri la udongo kwa kurusha jani la mgomba ndani: likigeuka jeusi mara moja, subiri, likikunjamana polepole, ingiza mikate. Bustanini alinifunza kupanda maharagwe kati ya mihogo, na kutambua majani ya kutuliza tumbo na yale ya kushusha homa. Alasiri tulikaa na fremu za mbao kushona lesi, hii ya kwetu inayofanana na utando wa buibui. Nikikosea uzi mmoja aliifumua kazi yote bila kusema neno, akanirudishia sindano.

Nilijifunza, dada. Siku moja Don Cantalicio alikula chipa yangu akanyamaza, na katika nyumba hii mzee akinyamaza amesifu.

Lakini kuna jambo lilinikereketa tangu mwanzo, nalo ni haraka yake. Wanawake wa hapa huchukua miaka kumfundisha mke wa mwana, na hata hivyo hubakiza siri moja ya kwenda nayo kaburini, ili jiko lisije likamsahau mwenyewe. Nya Deidamia hakubakiza kitu. Ilikuwa, "Haya, tena! Haya, usisinzie! Mimi si wa milele." Alinipa ufunguo wa stoo. Alinielekeza jinsi mumewe anavyotaka yerba, chai yake ya asubuhi ya kunyonya kwa mrija, maji yawe ya moto lakini yasichemke, na kwamba hapendi kusemeshwa mpaka mrija uanze kukoroma. Alinionyesha hata goti la mumewe linalouma mvua ikikaribia, na mafuta ya kulichua. Nikajiuliza, goti la mzee huyu mimi la nini?

Nilimwuliza jirani yetu, Nya Perpetua, ambaye habari za mtaa mzima hulala kwake kabla hazijafika kwa wenyewe. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Binti yangu, mama mkwe akikupa moto wa jiko lake, ujue kuna mahali anataka kuungua peke yake." Nilirudi nyumbani nimebeba maneno hayo kama mtu aliyebeba maji bila kata.

Tangu hapo nikawa jicho tu.

Mchana, baada ya chakula, nyumba yote hulala kwa sababu ya jua. Siku moja usingizi ulinikataa, nikatoka nyuma kunywa maji. Nikamkuta Nya Deidamia amekaa kwenye kivuli cha tanuri, anashona. Aliponiona alisukumiza kazi yake chini ya aproni. Nilikuwa nimeshaona. Ilikuwa nguo ya mtoto mchanga, nyeupe, shingoni imezungushwa lesi ambayo mimi sikuwahi kufundishwa. Nikamwuliza ni ya nani. Akasema ni ya sanamu ya Mtoto Yesu kanisani, padri ameomba.

Niliamini, au nilijilazimisha kuamini, mpaka siku nilipoanua nguo kambani nikaona kitambaa kidogo cha kufungwa shingoni. Dada, tangu lini sanamu ikatokwa na udenda?

Baada ya hapo kila kitu kikawa na kivuli. Nilioka chipa za Jumamosi, nikaondoka jikoni, nikarudi nikakuta kikapu kimepungua. Nilimwona mama mkwe akienda barabara kuu na furushi chini ya shali, akirudi mikono mitupu. Jioni moja niliwakuta yeye na Arsenio nyuma ya banda wakinong'ona. Waliponiona, Arsenio alianza kusema habari za mvua, na mbingu zilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. Usiniambie ungewaza tofauti na nilivyowaza. Nilijua, kwa uhakika wote wa mjinga, kwamba mume wangu ana mtoto mahali fulani barabarani, kwamba mamaye anamlisha na kumvisha, na kwamba mimi nafundishwa upesi upesi ili siku mwanamke yule atakapoletwa, anikute nimeshakuwa mtumishi hodari.

Niliacha kula naye sahani moja. Arsenio akinigusa bega, bega langu lilikuwa gogo. Nilipanga nguo zangu katika lile begi lako la kahawia nikalisukuma chini ya kitanda. Nilitaka kuja kwako.

Siku ya mambo kuvunjika tulikuwa tunang'oa mihogo, yeye na mimi. Akaanza kunifundisha tena, eti shina livutwe kwa kulitikisa, lisivutwe kwa hasira. Nikatoa kile kitambaa mfukoni, nikakitupa mtaroni mbele yake. Nikamwambia, "Hasira ninayo, mama. Nionyeshe mtoto wa Arsenio yuko wapi, nikamfulie mwenyewe kitambaa chake."

Alikitazama. Kisha akakaa chini, pale pale juu ya tuta, akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mara sikujua tena ni kicheko kipi na kilio kipi. Akasema, "Arsenio? Huyu anayeogopa bata? Ewe mtoto, nani angempa?"

Halafu akaniambia. Arsenio ana dada. Katika nyumba hii nilikokaa mwaka mzima, nikafua mashuka yao na kupangusa picha zao, sijasikia jina lake hata mara moja: Obdulia. Alipenda mvulana ambaye baba yake hakumtaka, na Don Cantalicio akamtoa nje na kitanda chake pamoja, akasema atakayelitaja jina hilo chini ya paa lake atamfuata. Obdulia alivuka mto, akafika huko huko uliko. Yule mvulana amemkimbia. Amejifungua, na tangu uzazi miguu yake haimbebi vizuri. Ana mtoto mikononi na hana wa kumpokea hata akitaka kuoga. Dereva mmoja wa basi ndiye anayepeleka chipa na nguo. Arsenio alijua habari za chipa. Hakujua habari nyingine, ambayo mama mkwe aliisema huku akiokota udongo na kuuvunja vidoleni: yeye mwenyewe anataka kwenda.

"Nilisubiri," alisema. "Ningeondokaje niwaache wanaume wawili wasiojua hata chumvi inakaa wapi? Wangenifuata kabla sijafika mpakani, na si kwa mapenzi, ni kwa njaa."

Ndipo nilipoelewa, na badala ya kupoa nikawaka zaidi. Nilimwambia kwamba basi sikukosea sana. Nilidhani nafugwa kwa ajili ya mwanamke mwingine, kumbe nafugwa kwa ajili yake. Alikuwa anamzoeza ndama ili amvishe nira anayotaka kuivua yeye. Sijawahi kumsemesha mtu mzima namna ile, dada, na wewe hukunilea hivyo.

Hakukasirika. Akasema, "Ndiyo. Mimi nilipoletwa hapa hakuna aliyeniuliza. Nikaapa nikipata mke wa mwanangu nitamwuliza. Umekuja, nami sikukuuliza. Niliogopa utasema hapana." Akainuka, akapangusa sketi, akaning'olea shina lililonishinda.

Nilisubiri jioni. Arsenio nilimwambia yote. Alikaa kitandani akashika kichwa, akalitaja jina la dada yake kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Nikamwambia mamaye ataenda, nami nitabaki, lakini sitakuwa Nya Deidamia wa pili. Akitaka chipa, aje akande. Alidhani natania. Kesho yake alioka, akainama mno mdomoni mwa tanuri, na sasa ana nusu ya nyusi. Kuhusu mkate wenyewe nisiseme. Jogoo yule yule aliletewa, akakimbilia kwa jirani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, ambalo Arsenio hajui.

Nya Deidamia ana jozi moja tu ya viatu, vyeusi, vya kanisani. Siku zote hapa nyumbani ni peku. Juzi, nilipoona amevipaka rangi na kuviweka juani, nilivichukua nikavificha katika banda la kuku, nyuma ya viota. Usiniulize niliwaza nini. Alivitafuta asubuhi nzima. Aliinua magodoro, alichungulia kisimani, nami nilikuwa nyuma yake nikijifanya kutafuta. Alidhani mumewe ameng'amua, na uso wake ukawa wa majivu. Mwishoni alikaa kizingitini akazitazama nyayo zake, akasema kwa utulivu tu, "Nitakwenda peku. Njia ya kwa mtoto haichomi."

Dada, si kazi niliyoiogopa. Kukanda najua, kupanda najua. Ni kwamba mama yetu alitutoka sijui hata alivyokuwa akishika sindano, na huyu alinishika kidole kwa kidole. Alinifundisha kwa haja yake, hilo najua, wala sijidanganyi. Lakini mtu hawezi kukushika mkono mwaka mzima asiache kitu mkononi. Nilivirudisha viatu, vimejaa mavi ya kuku. Alivipokea, akavifuta kwa aproni, akasema, "Kuku wa nyumba hii siku hizi wanavaa viatu." Akanishika shavu. Kisha akavirudisha juani.

Anaondoka kesho alfajiri, wakati mzee anadhani amekwenda misa. Basi likishavuka mto, mimi ndiye nitakayempelekea Don Cantalicio yerba yake, nisubiri mrija ukorome, nimwambie. Arsenio amesema atasimama karibu yangu. Tutaona kama atasimama. Nitalitaja jina la Obdulia chini ya paa lile, na mzee akitaka kututoa na kitanda, kitanda kimeshafunguliwa skrubu.

Bila shaka umeshang'amua. Huyu mama aliyekukabidhi barua hii, mfupi, mwenye viatu vyeusi, ambaye umemwacha amesimama mlangoni ili usome kwanza, ndiye yeye. Mkaribishe ndani. Mpe kitu cha moto, kisha mpeleke kwa bintiye. Anwani ameishona kwenye pindo la shali, kwa kuwa haamini mifuko.

Na neno la mwisho, ambalo kwa ajili yake nimeibandika bahasha kwa wanga ili asiifungue njiani. Ameniambia atarudi mtoto akianza kutembea. Alilisema akiwa amenipa mgongo, anapanga sufuria ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wewe umeishi na watu wengi kuliko mimi. Mwulize tena, ukimtazama machoni, halafu uniandikie kama anasema kweli. Usinipunguzie.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi, na ujifunike kifua.

Ni mimi mdogo wako, niliyekulia katika jiko lako bila kujifunza kitu,

Nimia