Bwana Onja, Mkate Bado Unakatwa Mezani

Mwaka umetimia sasa, baba watoto, tangu asubuhi ile ulipovaa viatu, ukalalamika kwamba chai ni ya moto mno, ukaenda bekari na hukurudi. Moyo wako ulisimama ukiwa kazini, aproni kiunoni. Watu waliniambia nishukuru kwamba hukuteseka. Nimejaribu. Bado nakasirika, maana hata kuagana vizuri hatukuagana.

Nyumba imepoa. Hakuna tena wa kufunua sufuria zangu na kuchovya kijiko kabla chakula hakijaiva. Nilikuwa nakufukuza jikoni kwa mwiko, nawe unakimbia huku unasema, "Naangalia tu, usije ukaaibika mbele ya watoto!" Siku hizi napika kwa amani, na amani yenyewe siitaki.

Kule bekari walikubandika jina la Bwana Onja, ukalipenda kuliko lile ulilopewa na wazazi wako. Ulikuwa msimamizi wa zamu, lakini mikate haikutoka mlangoni kabla hujakata mmoja na kuutafuna umefumba macho. Mwenye bekari alipolalamika kwamba unamlia faida, ulimjibu, "Bosi, mkate ukiwa mbaya watu watatafuta wa kumlaumu. Nataka waanze na mimi."

Na ile meza yenu ya chai! Zamu ikiisha, mkate ulioharibika hautupwi. Unawekwa mezani, aliyeuharibu anasema, "Huu ni wangu," anaeleza ilikuwaje, kisha mnaula wote. Kucheka ni marufuku mpaka amalize kueleza. Akishamaliza, chekeni mpaka mbavu ziume. Wa kwanza kuweka mkate pale ulikuwa wewe mwenyewe, siku chache tu baada ya kupewa usimamizi. Mkate mweusi tii, kwa sababu ulikuwa nje unabishana habari za mpira. Wenzako walikuwa wamezoea msimamizi wa kufoka na kukata mishahara, wakabaki wanatazamana. Nilikuuliza kama hukuona haya. Ukasema, "Niliona. Lakini nikificha wangu, na wao wataficha ya kwao, halafu nitakuwa nasimamia nini?"

Sheria hiyo uliileta mpaka nyumbani. Kikombe kikivunjika, vipande vinakaa mezani hadi mwenyewe ajitokeze. Vyangu vilikaa tangu asubuhi, nawe ukala chakula cha mchana vikiwa vimeizunguka sahani yako bila kuuliza neno. Nilikuchukia siku ile, mume wangu, na nilicheka peke yangu chumbani.

Ulipotutoka, zamu yako alipewa binti yetu mkubwa. Kazi anaijua, amekulia kwenye vumbi la unga. Ila aliogopa kulinganishwa na wewe. Hakutaka aonekane amekosea hata kidogo, akawa mkali, anafoka kwa kila jambo. Meza ya chai ikabaki na chai tu. Mikate iliyoungua ikawa inapitishwa mlango wa nyuma ndani ya magunia, na akiuliza anajibiwa, "Sijui, dada, nimeikuta hivyo." Jioni alikuwa akija hapa, anavua viatu na kuniambia, "Mama, pale hakuna anayejua kitu." Kuonja nako aliacha. Alisema ilikuwa tabia ya baba, si sehemu ya kazi.

Basi siku moja unga ukakandwa bila chumvi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkate wa hivyo huumuka haraka na kunenepa, ukiutazama tu hutaushuku. Mikate yote ilipelekwa hospitali, na yote ikarudishwa. Hospitali ndiyo mteja wao mkubwa. Mwenye bekari alikuja amefura, akamwambia binti yako amtajie mtu wa kufukuzwa, la sivyo ataondoka yeye. Na jina lilikuwepo. Aliyekanda ni Ngazi, yule mkandaji wenu mrefu anayeinamia kila mlango, mwenye watoto wengi na mshahara mmoja.

Binti yako alichukua mkate mmoja kati ya iliyorudishwa, akauweka katikati ya meza ya chai, bosi akiwa amesimama pale pale. Akasema, "Huu ni wangu. Sikuuonja. Baba asingekubali utoke." Akaukata, akaanza kuula mkavu.

Kisha Ngazi akavuta kiti. "Dada, nikatie na mimi. Chumvi niliisahau mimi. Niliitwa kupokea hamira, niliporudi nikadhani nimeshaitia."

Na mama wa kwenye oveni akasema, "Mimi niliona imepauka, nikanyamaza. Niliogopa kufokewa."

"Ungefokewa kweli," binti yako akamjibu. Ndipo wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Mwenye bekari naye aliomba kipande. Alitafuna, akakunja uso. "Kumbe Bwana Onja alikuwa anatuepusha na haya?" Hakufukuzwa mtu. Walikubaliana kwamba chumvi ipimwe na kuwekwa mbele ya mashine ya kukandia kabla ya unga, na anayeona kasoro asimamishe kazi bila kuomba ruhusa. Binti yako alikwenda hospitali mwenyewe, akaeleza ilivyokuwa bila kumtaja mtu mwingine. Hospitali haijahamia bekari nyingine mpaka leo. Na magunia ya mlango wa nyuma yamerudi kubeba unga.

Jana binti yako alikuja kunisaidia kuandaa kumbukumbu hii. Nikiwa nimempa mgongo, nilisikia mfuniko ukilia. Nikageuka. Amechovya kijiko kwenye sufuria yangu, ameonja, amefumba macho vilevile kama wewe. Mwiko nilikuwa nao mkononi.

Sikumfukuza, baba watoto. Nilimuuliza, "Chumvi imekolea?"

Tunakukumbuka: mimi mkeo, mwenye vile vipande vya kikombe; binti yako, msimamizi wa zamu; mdogo wake wa kiume, anayevaa koti lako na kukataa kwamba linampwaya; dada yako; wajukuu wako; pamoja na Ngazi na wenzake wa meza ya chai, walioomba waandikwe kama ndugu, nami sikuona sababu ya kukataa.

Kusahauliwa na sisi, Bwana Onja, hutasahauliwa kamwe.